Simu na kompyuta za nyumba moja zizungumze zenyewe

Kwa watu wengi, picha iliyopigwa kwa simu mita mbili kutoka kwenye kompyuta husafiri hivi: inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inakwenda hadi kituo cha data ambacho huenda kiko nchi nyingine, inahifadhiwa huko, halafu inarudi njia ile ile mpaka kwenye kompyuta iliyokuwa pale pale muda wote. Intaneti ikikatika, vifaa viwili vilivyo juu ya meza moja havina la kuambiana. Nafasi ya bure kwenye wingu ikijaa, picha zinakwama kwenye simu mpaka ulipie nafasi zaidi.

Nimekuwa nikisawazisha simu na kompyuta, yaani kuzifanya ziwe na faili zile zile, kwa Wi-Fi ya nyumbani kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba faili zinazozaliwa nyumbani na kutumika nyumbani zipite njia fupi. Wingu lina kazi yake, hasa kwa mtu anayesafiri au anayeshirikiana na watu walio mbali. Lakini kulifanya daraja la lazima kati ya mfuko wa suruali na meza ya kazi ni kujiongezea safari na kumwongeza mtu wa tatu kwenye mambo ya wawili. Njia fupi nayo ina masharti yake, na mazito zaidi hayahusu mawimbi wala kasi. Yanahusu nakala mbili zinapotofautiana, ipi ihesabiwe kuwa ndiyo yenyewe.

Jambo hili lilianza kabla Wi-Fi haijaingia majumbani. Mwaka 1996 Palm walitoa Pilot, kompyuta ndogo ya mkononi yenye kitako kilichochomekwa kwenye kompyuta ya mezani. Kwenye kitako palikuwa na kitufe kimoja. Ukikibonyeza, majina, miadi na orodha za kazi zinalinganishwa pande zote mbili, na baada ya muda mfupi pande zote zina kitu kile kile. Siri yake ilikuwa alama ndogo tu: kila rekodi iliyoguswa tangu mara ya mwisho iliwekewa alama ya kubadilika, hivyo hapakuwa na haja ya kupitia kila kitu upya. Ukikipeleka kifaa kwenye kompyuta nyingine, alama zile hazikuaminika tena, na ilibidi rekodi zilinganishwe moja moja. Teknolojia yote iliyofuata imejengwa juu ya hitaji hilo hilo, la kukumbuka pande mbili zilikubaliana nini mara ya mwisho.

Kisha tukaishi na waya kwa muda mrefu. Upande wa Apple, nafuu ilikuja Oktoba 2011 na iOS 5, ambapo simu iliyo kwenye chaji na kwenye Wi-Fi moja na kompyuta iliweza kusawazishwa yenyewe. Upande wa Android, mwaka huo huo wa 2011 toleo la 3.0 lilileta MTP, kanuni ya kuhamisha faili kati ya simu na kompyuta kwa waya. Kabla yake, kuchomeka simu kulimaanisha kuikabidhi kompyuta hifadhi yote, na simu yenyewe haikuweza kuitumia mpaka uchomoe. MTP iliondoa tatizo hilo ikaleta jingine. Kompyuta haioni diski ya kawaida, inaona orodha ya vitu inavyoviomba kimoja kimoja. Fungua kwa waya folda yenye maelfu ya picha uone inavyosubirisha. Tena huwezi kufungua faili iliyo ndani ya simu ukabadilisha mstari mmoja tu, lazima faili nzima itoke, ibadilishwe, irudishwe. Kwa hiyo ninapopendelea njia isiyo na waya sizungumzii raha ya kutochomeka tu. Kwa kazi ya kila siku, programu mbili zinazoelewana kupitia mtandao zinafanya mambo ambayo waya wa simu, kwa namna unavyotumika leo, hauwezi.

Kabla ya kuambiana chochote, vifaa lazima vitafutane. Ruta huvipa anwani za IP zinazoweza kubadilika, hivyo kuandika anwani kwa mkono ni kujitafutia usumbufu. Njia ya kawaida ni kupiga mbiu ndani ya mtandao: kifaa kinatuma ujumbe mfupi kwa wote kwamba kipo, kinaitwa hivi, kinapokea kwenye poti fulani, yaani mlango wenye namba. Itifaki (kanuni ya mawasiliano) ya mDNS, iliyochapishwa rasmi kama RFC 6762 mwaka 2013, hutumia anwani 224.0.0.251 na poti 5353, na majina yanayoishia na .local unayoyaona ukitafuta printa yanatoka huko. Syncthing, programu ya kusawazisha ninayoitumia kuliko zote, ina mbiu yake kwenye poti 21027.

Mbiu hizi ndizo chanzo cha malalamiko mengi ninayoyasikia. Mtu ana simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja na bado hazionani, basi anafuta programu, anaisakinisha tena, hali ni ile ile. Mara nyingi simu iko kwenye mtandao wa wageni. Ruta nyingi huutenga mtandao huo kwa makusudi, kila kifaa kinafika intaneti lakini hakiruhusiwi kumwona jirani. Wakati mwingine Windows imeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa hadharani ikaificha kompyuta, au simu ina VPN inayopeleka kila kitu nje. Yaangalie hayo kwanza kabla ya kuilaumu programu.

Kuonana ni jambo moja, kuaminiana ni jingine. Syncthing haina akaunti wala nywila ya kujisajili. Kila kifaa kinajitengenezea cheti chake cha kidijitali, na kutokana na cheti hicho hupatikana kitambulisho cha herufi na tarakimu 56, zilizopangwa makundi manane ya saba saba. Unakisoma kwa kamera kupitia msimbo wa QR, na lazima pande zote mbili zikubali. Simu ikikubali peke yake hakuna kinachopita. Faili zinaposafiri husimbwa, yaani hugeuzwa zisisomeke na mwingine, hata ndani ya nyumba, na hilo nalithamini sana, kwa sababu kwenye mtandao wa nyumbani siku hizi kuna televisheni, kamera na balbu ambazo hakuna ajuaye zinasikiliza nini. Anayetaka faili zake zisitoke kabisa nje ya ruta anaweza kuzima utafutaji wa kimataifa na seva za kupitishia, ukabaki ule wa ndani tu.

Kuhusu kasi, sitakawia. Bluetooth isahau kwa faili kubwa: ile ya toleo la 2.0 iliyoongezwa kasi mwaka 2004 ilifika megabiti 3 kwa sekunde kwenye karatasi, na kwa megabiti 2 halisi gigabaiti moja huchukua zaidi ya saa nzima. Wi-Fi inayotoa megabiti 100 halisi hupitisha gigabaiti 10 kwa takriban dakika 13. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Kama simu na kompyuta zote ziko kwenye Wi-Fi, kila kipande cha data hupita hewani mara mbili, kutoka simu hadi ruta, kisha ruta hadi kompyuta, na hewa hiyo ni ya kugawana. Iunganishe kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao, simu ibaki hewani, na mara nyingi kasi inakaribia maradufu bila kununua ruta mpya.

Akili nyingine ni kutopeleka kile ambacho upande wa pili unacho tayari. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras walitoa rsync, inayokata faili vipande, kuvipigia hesabu fupi ya utambulisho, na kupeleka vile tu vinavyotofautiana. Syncthing nayo hukata faili vipande, kuanzia kilobaiti 128 hadi megabaiti 16 kulingana na ukubwa wa faili. Kwa picha hii haisaidii sana, picha haibadiliki baada ya kupigwa. Kwa faili kubwa inayoguswa kidogo kidogo kila siku, tofauti ni kubwa.

Sasa tuje kwenye kiini, mahali ambapo programu nzuri na mbaya zinatengana.

Chukua folda moja iliyo kwenye simu na kwenye kompyuta. Simu ina faili inayoitwa risiti.pdf, kompyuta haina. Je, faili hii ni mpya, imetokea kwenye simu na inapaswa kwenda kwenye kompyuta? Au ni ya zamani, ilikuwa pande zote, ukaifuta kwenye kompyuta na sasa inapaswa kufutwa kwenye simu pia? Ukiziangalia folda mbili zilivyo sasa hivi, hakuna namna ya kujua. Hali zote mbili zinafanana kabisa. Anayejibu kwa kukisia atafufua faili ulizozifuta au atafuta faili ulizotengeneza leo asubuhi. Jibu linapatikana tu kwa kuwa na kumbukumbu ya makubaliano ya mwisho: kama risiti.pdf imo kwenye kumbukumbu hiyo, basi imefutwa; kama haimo, ni mpya. Unison, programu iliyotoka kwenye kazi ya Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, huweka kumbukumbu hiyo kila upande. Syncthing huiweka kwenye hifadhidata yake, pamoja na habari za faili zilizokwisha kufutwa. Ndiyo maana sipendi mtu anaponakili folda mbili juu kwa juu kwa mkono na kusema amesawazisha. Kazi hiyo haina kumbukumbu, na faili zilizofutwa zitamrudia kila mara.

Upande wa pili wa tatizo ni faili iliyobadilishwa pande zote kabla ya kukutana. Jibu la haraka ni kuangalia saa, kwamba iliyoandikwa mwisho ishinde. Sikubaliani nalo. Saa za vifaa haziaminiki kiasi hicho. Kompyuta ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa inaweza kuamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Kadi ya kumbukumbu yenye mfumo wa FAT huandika muda wa kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili, tena kwa saa za mahali bila kutaja ni za wapi, hivyo ukivuka eneo la saa faili zote zinaonekana kama zimesogea. Hata kama saa ni sahihi kabisa, aliyeandika mwisho hakuona alichoandika wa kwanza, na kumpa ushindi ni kutupa kazi ya mwenzake bila kumuuliza mwenye kazi.

Suluhisho lenye mashiko lina mizizi kwenye maandishi ya mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport ya mwaka 1978 kuhusu mpangilio wa matukio kwenye mifumo isiyo na saa moja, na mwaka 1983 D. Stott Parker na wenzake walionyesha namna ya kugundua kwamba nakala mbili zimetengana. Kila kifaa kina hesabu yake ya mabadiliko kwenye kila faili. Tuseme mpango.txt ina simu 3, kompyuta 5. Ukiandika kwenye simu inakuwa simu 4, kompyuta 5. Kompyuta ikiipokea inaona kwamba simu ilishaliona toleo lake la tano na imejenga juu yake, hivyo inakubali bila shaka. Lakini kama wakati huo kompyuta nayo iliandika ikawa simu 3, kompyuta 6, basi kila upande una kitu ambacho mwenzake hajakiona. Hapo mafahali wawili wamekutana, na hesabu yenyewe inatamka hivyo bila kutazama saa hata mara moja.

Baada ya kugundua, programu ifanye nini? Syncthing huiacha faili moja na jina lake, na nyingine huipa jina la namna hii:

mpango.sync-conflict-20240312-081455-K7QXWBD.txt

Tarehe, saa, na herufi za mwanzo za kitambulisho cha kifaa kilichoibadilisha. Jina ni baya machoni, wageni wengi hulichukia na kulifuta bila kulifungua. Tafadhali lifungue. Ndani yake kuna maandishi ambayo programu nyingine zingeyafuta kimya kimya. Ninafungua faili zote mbili ubavu kwa ubavu, nahamishia mistari inayokosekana kwenye ile yenye jina la kawaida, kisha nafuta ya pili, na kufutwa kwake kunasambaa kwenye vifaa vingine.

Kwa kuwa migongano haiwezi kuisha kabisa, panga faili zako zigongane kidogo iwezekanavyo. Maelezo yako yote yakiwa kwenye faili moja ndefu, kila unapoandika sehemu mbili tofauti kwa vifaa viwili unapata mgongano. Yakiwa kwenye faili nyingi fupi, moja kwa kila jambo, mgongano unakuwa nadra na ukitokea ni wa mistari michache. Hifadhidata ya nywila ya aina ya KeePass ni faili moja isiyosomeka kwa macho, lakini programu ya KeePassXC inaweza kuunganisha mbili zilizotengana kwa kulinganisha ingizo kwa ingizo, kwa hiyo hata hapo nakala ya mgongano ni ya kutunzwa mpaka uiunganishe.

Na si kila folda inahitaji njia mbili. Watu huwasha kusawazisha pande zote kwa kila kitu kwa sababu ndivyo programu inavyokuja, kisha wanashangaa. Mimi naanza kwa kuamua kila folda mwenyewe ni nani. Picha mwenyewe ni simu: yenyewe inatuma, kompyuta inapokea tu. Muziki mwenyewe ni kompyuta. Maelezo ninayoyaandika popote ndiyo pekee yenye njia mbili. Mpangilio huo unaondoa sehemu kubwa ya migongano kabla haijatokea.

Lakini hapa naomba usome polepole. Simu ikiwa mtumaji pekee, bado kufuta kunasafiri. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, kompyuta nayo itazifuta, kwa utiifu kamili, kwa sababu umeiambia ifanane na simu. Programu inayofuatisha kila badiliko haraka hufuatisha pia kila ajali haraka, na virusi vinavyosimba faili zako vitasambazwa kwa kasi ile ile. Kwa hiyo folda inayopokea picha kwenye kompyuta ni mahali pa kupitia tu. Kutoka hapo picha zinakiliwe kwenye folda nyingine ambayo haisawazishwi na kitu chochote, na folda hiyo iwe na nakala rudufu kwenye diski ya nje. Washa pia utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye upande wa kompyuta, ambako nafasi ipo, ili kilichofutwa kikae pembeni kwa muda kabla ya kutoweka.

Kikwazo kinachobaki ni usingizi wa simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu isiyo kwenye chaji, iliyotulia na skrini ikiwa imezimwa huingia hali iitwayo Doze: programu zinakatwa mtandao na kuruhusiwa kwa vipindi vifupi tu. Watengenezaji wengine huongeza ukali wao juu ya huo. Mtu anadhani kusawazisha kumeharibika, kumbe simu imelala. Iondoe programu kwenye udhibiti wa betri, kisha iwekee sharti la kufanya kazi ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi ya nyumbani tu. Betri inapona, na usiku kazi inafanyika yote. Kwenye iPhone kikwazo ni kikubwa zaidi, programu za nyuma zinabanwa sana na hakuna Syncthing rasmi, kwa hiyo wenye iPhone wanategemea programu za watu wengine kama Möbius Sync, ambayo wakati mwingine inabidi uifungue mwenyewe ndipo ifanye kazi. Hata Android haiko salama kabisa: programu rasmi ya Syncthing ilisitishwa Desemba 2024, mtunzaji wake akitaja ugumu wa kuichapisha Google Play na kukosekana kwa matunzo ya kutosha. Watumiaji walihamia Syncthing-Fork. Nilisikitika, lakini faili hazikuguswa, zilikuwa faili za kawaida kwenye folda za kawaida, na hilo nalihesabu kuwa ubora wa njia yenyewe.

Jambo dogo la majina: Windows haikubali nukta mbili (:), alama ya kuuliza (?) wala nyota (*) kwenye jina la faili. Programu ya kurekodi sauti kwenye simu inayoandika saa kwa nukta mbili itatengeneza faili ambazo hazitafika kamwe, na utaona tu kwamba folda haimaliziki. Badilisha mtindo wa majina kwenye programu hiyo.

Programu yoyote mpya ya kusawazisha ninaipima kabla ya kuikabidhi kitu cha maana. Natengeneza folda tupu yenye faili tatu za maandishi na kusubiri zifike pande zote. Nazima Wi-Fi ya simu. Faili ya kwanza naibadilisha kwenye simu na kwenye kompyuta, maneno tofauti. Ya pili naifuta kwenye simu na kuibadilisha kwenye kompyuta. Ya tatu naibadilisha jina upande mmoja tu. Kisha nawasha Wi-Fi na kutazama folda zote mbili. Maneno yote niliyoandika kwenye faili ya kwanza lazima yawepo mahali fulani, iwe ndani ya faili moja au mbili. Badiliko la faili ya pili lisiwe limepotea bila kuacha nakala. Ya tatu isiwe imezaa pacha. Programu ikitupa neno langu hata moja bila kuniarifu, naiondoa siku hiyo hiyo, hata kama ina kasi na sura nzuri kuliko nyingine zote.